"Wasiwasi" wa panya mwenye presha ni kitu gani hasa?

Ukisikia watafiti wanasema dawa ya presha imepunguza "tabia inayofanana na wasiwasi" kwa panya, usiliruke hilo neno "inayofanana", maana ndo lenye kazi. Panya hawezi kukwambia moyo unamwenda mbio, kwa hiyo wanampandisha kwenye kijukwaa cha msalaba kilichoinuliwa kama nusu mita toka chini, njia mbili zina kuta mbili hazina, wanamrekodi dakika 5 wanahesabu sekunde. Akitoka sana njia za wazi wanasema hana wasiwasi, akijibanza kwenye kuta anao. Basi, hakuna cha zaidi.

Sasa dawa ya presha inaingiaje hapo? Kuna homoni inaitwa anjiotensini II, tunaijua kwa kubana mishipa ya damu mpaka presha inapanda, ila vipokezi vyake (yaani sehemu za seli inaponasa ili ifanye kazi) viko hadi kwenye ubongo, sehemu za hofu na stresi kama amigdala. Losatani, ambayo ni dawa ya presha, inaziba vipokezi hivyo, kwa hiyo panya anaweza akatulia na wala sio sababu presha imeshuka. Ndo maana inafaa kuwe na kundi lingine linapewa hidralazini, hii inalegeza mishipa tu bila kuziba anjiotensini, sasa kama presha imeshuka kwa wote ila aliyetulia ni wa losatani peke yake, presha haihusiki hapo.

Halafu kuna mtego. Panya wa presha anayetumika sana ni SHR (aina ya panya anayerithi presha), watafiti Okamoto na Aoki walimtangaza Japani mwaka 1963, na huwa analinganishwa na ndugu yake WKY (Wistar-Kyoto) ambaye presha yake iko sawa. Shida huyo ndugu mwenyewe ni mwoga balaa, anaganda tu, na SHR naye hatulii hata kidogo (wengine wanamtumia kuchunguza tatizo la watoto kukosa utulivu na umakini), kwa hiyo ukiwaweka pamoja mwenye presha anaonekana ndo jasiri! Ukimpa dawa akaacha kutoka nje, kapata wasiwasi au kapoa mchecheto? Mi huwa naanza kuangalia kaingia mara ngapi kwenye njia zenye kuta, zikipungua na zenyewe, dawa imemlegeza mwili tu.