Kioo kinachong'aa hakimaanishi skrini yenye mwanga zaidi

Ukiulizia kompyuta mpakato madukani Darajani, Zanzibar, huenda ukaambiwa: "Chukua hii yenye kioo kinachong'aa, ina mwanga zaidi kuliko ile isiyong'aa." Si kweli, na inaniuma kuona mtu akiongeza pesa kwa sababu hiyo.

Kwenye kompyuta nyingi, mwanga wa skrini hutoka kwenye taa zilizo nyuma yake, nao hupimwa kwa niti. Za kawaida huwa na niti 250 hadi 300, king'ae kioo kisingʼae. Tofauti iko kwenye ngozi ya juu tu. Uso laini wa kioo kinachong'aa hurudisha takriban asilimia 4 ya mwanga unaoupiga, moja kwa moja kama kioo cha kujitazamia. Uso wa kisichong'aa, wenye vikwaruzo vidogo mno, huutawanya mwanga huo. Haupotei, unasambaa kama ukungu, ndiyo maana karibu na dirisha weusi hugeuka kijivu.

Sasa kaa barazani Mji Mkongwe saa nane mchana, ukuta mweupe wa chokaa ukiwa nyuma yako. Kioo kinachong'aa kitakuonesha ukuta huo na uso wako kabla ya barua unayoiandika. Anayeandika kutwa, namshauri bila kusita achukue kisichong'aa. Anayehariri picha za harusi ndani, taa ikiwa hafifu, atafurahia rangi zilizokolea za kile kinachong'aa.

Juani kabisa, pale Forodhani mchana, vyote viwili vitakushinda. Hapo tafuta skrini yenye niti nyingi zaidi, au sogea kivulini.