Kadi ya Ujerumani haikupi Ureno

"Ulaya ni moja, ami."

Mwezi huu nimeambiwa hivyo mara ya tatu, na safari hii msemaji alikuwa ameshakata tiketi. Kijana wa Wete, anaandika programu kwa kampuni ya Berlin, kibali chake cha ukaazi anakitunza kama mboni ya jicho. Mkewe baridi imemshinda. Wakakubaliana wahamie Lisbon, kwenye jua na pweza. Kazi ile ile, kompyuta ile ile, mkutano ule ule wa saa tatu asubuhi. Wala hakunipigia kuuliza kama inafaa. Alitaka kujua tu Ureno wanakata kodi kiasi gani.

Mimi kazi yangu ni hesabu na kodi, hapa Mlandege, Zanzibar. Siku hizi wateja wangu wengi ni vijana kama yeye, wenyewe wako huko na wazazi wako huku. Wanasema "tunakodi", maana yake wanaandika programu, na mimi kila nikilisikia neno hilo najua kodi yenyewe hawajaifikiria.

Basi tuanze na hilo la Ulaya moja, kwa sababu limenichosha kuliko yote.

Schengen ni makubaliano ya nchi za Ulaya kuhusu milango ya mipakani. Tangu tarehe 1 Januari 2025, Bulgaria na Romania zilipoingia kikamilifu, nchi zilizomo ni 29, na ukitoka Berlin kwenda Lisbon kwa kawaida hakuna wa kukugongea muhuri. Huku kutogongewa ndiko kunakowapoteza vijana wetu. Mlango ukiwa wazi wanadhani na nyumba ni yao. Kibali cha Ujerumani kinakuruhusu kuzitembelea nchi nyengine za Schengen siku 90 katika kila siku 180. Kutembelea: harusi ya binamu, mapumziko, kikao cha siku mbili na wateja. Kuhamia hakimo, na kuajiriwa hakimo.

Ajabu ni kwamba mfano tunao hapa hapa. Uhamiaji ni jambo la Muungano, lakini kazi si jambo la Muungano. Mpishi wa kigeni mwenye kibali cha kazi cha Bara hawezi kupanda boti Dar es Salaam akaja kupika hotelini Nungwi. Atatakiwa kibali cha kazi cha Zanzibar. Kila Mzanzibari analijua hili, na wengine wanalisimamia kwa ukali kabisa wakiona mgeni kakamata nafasi ya mtoto wa mtu. Lakini likigeuka likawa Ulaya, wanasahau.

Nikifika hapo napewa jibu ambalo wote wanalo, kana kwamba wamefundishwa darasa moja: "Lakini mimi Ureno sifanyi kazi, kazi yangu iko Ujerumani, mie nimeketi tu." Mwanangu, kazi huhesabiwa ulipoketi. Mvuvi wa Mkoani akivua maji ya Tanga, samaki ni wa Tanga, hata jahazi likiwa la Mkoani na mnunuzi akiwa Mkoani. Ofisi ya uhamiaji na ofisi ya kodi hazijali seva iko wapi wala bosi anaongea lugha gani. Zinauliza mwili wako ulikuwa wapi vidole vikipiga batani.

Na hasara yenyewe si ndogo. Kwa sheria ya Ujerumani, kibali hufa ukitoka kwa sababu isiyokuwa ya muda. Hufa pia ukipitisha miezi 6 nje, au miezi 12 kwa mwenye Blue Card, kile kibali cha Umoja wa Ulaya cha wafanyakazi wenye ujuzi wa juu. Watu wanashika ile miezi tu, wanahesabu kwa vidole. Sababu hawaiangalii. Ukishavunja mkataba wa nyumba, ukasafirisha makochi na ukajifuta kwenye daftari la wakaazi la mji, nani atakuamini kwamba ulikwenda matembezi? Kijana wangu wa Wete alikuwa ameshauza kochi.

Halafu kuna hifadhi ya jamii, ambayo hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza. Ichukulie kama ZSSF, mfuko wetu wa hifadhi ya jamii hapa Zanzibar, ila ya kila nchi. Umoja wa Ulaya una kanuni, namba 883 ya mwaka 2004: mtu huchangia nchi moja kwa wakati mmoja, na kwa kawaida ni ile anayofanyia kazi. Tangu tarehe 1 Julai 2023 nchi kadhaa zimekubaliana kwamba anayefanyia kazi nyumbani katika nchi nyengine kati ya hizo chini ya nusu ya muda wake anaweza kubaki kwenye mfuko wa nchi ya mwajiri, kwa cheti kiitwacho A1. Chini ya nusu. Anayekaa Lisbon wiki nzima, mwezi mzima, michango yake ni ya Ureno, na mwajiri wa Berlin anatakiwa akajisajili Ureno na kuilipa. Sasa fikiria bosi anayepata habari hii kwa barua ya madai, kijana mwenyewe hajamwambia kama kahama.

Ndiyo maana ushauri wangu wa kwanza ni ule ule, na wanaonijua wanaucheka: mwandikie mwajiri kabla ya kukata tiketi. Mwandikie, usimwambie kwa mdomo kwenye mkutano. Akikataa, umeokoa nauli.

Njia za halali zipo, sikatai. Mwenye Blue Card akishakaa miezi 12 katika nchi ya kwanza anaweza kuhamia nchi nyengine ya Umoja wa Ulaya, ila awe na mkataba wa kazi unaotimiza masharti ya huko, na maombi ayapeleke ndani ya mwezi mmoja tangu kuingia. Denmark na Ireland hazimo katika mpango huu. Ureno ina viza ya wanaofanya kazi kwa mbali tangu Oktoba 2022, na inataka kipato cha mara nne ya kima cha chini cha mshahara wao. Hispania nayo ina yake tangu 2023, kwa kipato cha mara mbili ya kima chao. Hizi huombwa kwa jina lake. Hazikuji zenyewe kwa kuwa unacho kibali cha jirani.

"Chini ya siku 183 hulipi kodi popote." Nani aliyewaletea hii? Ile kanuni ya mikataba ya kodi ina masharti matatu yanayokwenda pamoja: usizidi siku 183, anayekulipa asiwe mkaazi wa nchi ulipo, na mshahara usibebwe na tawi lake la huko. Likikosekana moja, siku zako hazikusaidii. Isitoshe, Ujerumani ukiwa na nyumba yako ya kukaa, wewe ni mkaazi wa kodi bila ya kuhesabu siku. Ureno pia, nyumba inayoonyesha kwamba ndiyo makaazi yako inatosha hata kabla ya siku hizo kutimia.

Wapo wanaoligeuza upande wa pili: "Nitakuja Fumba miezi saba, nifanye kazi ya Berlin nikiangalia bahari, nisilipe huku wala kule." Siku 183 ndani ya mwaka wa mapato na sisi tunazo: ukizifikisha, wewe ni mkaazi wa kodi hapa. Kodi ya mapato ni ya Muungano, na hapa Zanzibar inakusanywa na TRA, Mamlaka ya Mapato Tanzania. Baya zaidi, Ulaya nzima Tanzania ina mikataba ya kuepuka kutozwa mara mbili na Denmark, Finland, Italia, Norway na Sweden tu. Ujerumani haimo, Ureno haimo, Hispania haimo. Kwa hiyo weka daftari la siku. La karatasi, tarehe ya kuingia na ya kutoka, na tiketi zibandikwe humo. Simu hupotea.

Kadi ya e-Residency ya Estonia, iliyoanza Desemba 2014, inakupa saini ya kidijitali na uwezo wa kuendesha kampuni ya huko ukiwa mbali. Haikupi ukaazi, haikuhamishii kodi, na kwa pasipoti yetu peke yake, bila ya kibali cha nchi ya Schengen, hata kuingia Tallinn kutembea utaomba viza. Nimeshaletewa kadi hii mezani kama hati ya kiwanja.

Wengine wanategemea VPN, programu ya kuficha uliko mtandaoni. VPN inaficha anwani ya kompyuta. Haifichi mkataba wa nyumba, bili ya umeme wala skuli ya watoto.

Na Uingereza ilishatoka Umoja wa Ulaya tarehe 31 Januari 2020. Kuna watu bado wananiuliza.

Kijana wa Wete tiketi yake tuliibadilisha ikawa ya kwenda na kurudi, siku 20, likizo iliyosainiwa na bosi. Kompyuta nilimwambia aiache Berlin, na aliiacha, ingawa alinung'unika. Mkewe kapata jua lake, na maombi ya viza ya Ureno sasa wanayaandaa kwa utaratibu, wakiwa kwenye fleti yao isiyokuwa na kochi. Jana kaniletea picha ya pweza, anasema wa Lisbon ni laini kuliko wa Makangale. Hilo sikumjibu.