Mbona zimamoto amekaa chini na nyumba bado inawaka?

Moto ukizuka mtaani, umati hujaa kabla gari letu halijafika. Katika maneno tunayorushiwa, moja halikosekani: "Huyu naye amekaa tu!" Anayesemwa ni askari aliyetoka ndani dakika mbili zilizopita, kavua helmeti, kafungua koti, kachutama kwenye kivuli cha gari. Kazi yangu ni kuwanoa makuruta, basi niwaeleze aliyekaa pale anafanya nini.

Koti, suruali, buti, glavu, helmeti, na mtungi wa hewa mgongoni: vyote pamoja ni kilo 20 hadi 25. Yaani ndoo ya lita 20 imejaa maji, na kitu kidogo juu yake. Kina mama wanaopandisha ndoo hizo vilimani kila asubuhi hawatatishika na hesabu hiyo, na kwa kweli uzito tunauzoea. Kinachowaangusha makuruta ni joto la miili yao wenyewe.

Msuli ukifanya kazi, sehemu kubwa ya nguvu unayotumia hugeuka joto. Siku zote jasho hukauka juu ya ngozi na kuondoka nalo. Sasa koti la moto lina tabaka tatu: la nje linastahimili moto, la kati linazuia maji, la ndani linakinga joto. Joto la nje haliingii kirahisi, na la ndani nalo halipati pa kutokea. Jasho linatiririka tu. Kuruta akivua koti baada ya zoezi, fulana yake unaikamua kama imetoka kwenye beseni la kufulia. Moyo nao unadaiwa kotekote: misuli inataka damu, ngozi inataka damu, na maji mwilini yanazidi kupungua. Ndani ya dakika chache mapigo yanakaribia kikomo chake. Kule Marekani, moyo kusimama ghafla umekuwa kwa miaka mingi ukiongoza kwa kuua askari wa zimamoto wakiwa kazini, kuushinda hata moto wenyewe.

Halafu kuna hewa, ambayo ni hii hii ya kawaida iliyoshindiliwa. Wanaodhani tunabeba oksijeni wanakosea. Mtungi wa lita 6 uliojazwa kwa shinikizo la baa 300, yaani kama mara 300 ya shinikizo la hewa inayotuzunguka, hubeba takribani lita 1,800 za hewa. Anayetumia lita 40 kwa dakika atakaa nao dakika 45. Anayevuta hozi iliyojaa maji kupanda ngazi huweza kutumia lita 90 kwa dakika, na hapo dakika 20 zinaumaliza wote, bila kuhesabu akiba ya kutokea. Ndiyo maana filimbi ya mtungi huanza kulia mapema, na ikilia unatoka, hata kama moto umebaki kidogo.

Mazoezini tunapanda taratibu. Kwanza bila koti, kisha na koti, kisha na barakoa usoni ndani ya chumba chenye giza, mtu anatambaa huku anapapasa ukuta. Mwili huhitaji kama siku 10 hadi 14 kulizoea joto, na anayerukishwa hatua hizo kwa sababu ni kijana mwenye kifua kipana ndiye ninayemhofia zaidi. Akitoka namuuliza: umepita milango mingapi? Akibabaika, au akinitazama bila kujibu, kwangu zoezi limekwisha. Koti linavuliwa, anapelekwa kivulini, mikono inazamishwa hadi viwiko kwenye ndoo ya maji baridi, na mtu hamwachi peke yake. Joto la mwili huendelea kupanda kwa muda hata baada ya kazi kusimama, kwa hiyo anayesema "niko sawa, mkufunzi" huenda joto lake bado halijafika kileleni.

Askari wa pale kivulini yuko kwenye hatua hiyo hiyo. Mwachieni nafasi ipite hewa, mwenye maji ya kunywa ampe. Mwili ukishapoa na mtungi ukibadilishwa, huenda akaitwa kuingia tena.