Tazama ncha ya mdomo

Kila safari ya meli kutoka Cape Town kwenda Kisiwa cha Marion, kusini mashariki zaidi ya kilomita 2,000, kuna swali naulizwa kabla hata kichefuchefu hakijawaisha watu: “Yule mkubwa wa kahawia ndiye albatrosi?” Mara nyingi siye. Ni petreli mkubwa. Nimehesabu ndege wa bahari hii miaka mingi, na huyu ndiye nimpendaye, ingawa sura hana.

Mabawa yakikunjuliwa hukaribia mita 2, na dume huweza kufika kilo 5. Akiruka utadhani ana kibiongo. Mdomo ni mnene, rangi ya pembe, na juu yake umelala mrija mmoja wa pua kama mtutu wa bunduki. Albatrosi ana vijirija viwili, kimoja kila upande. Humo ndimo inamotoka chumvi ya maji ya bahari anayokunywa.

Petreli wakubwa wako wa aina mbili, wa kusini na wa kaskazini, na Marion wanazaliana wote. Manyoya yatakudanganya, kwani vijana wa aina zote mbili kwa kawaida ni weusi tii. Tazama ncha ya mdomo: ikiwa na ukijani uliofifia, ni wa kusini; ikiwa nyekundu ya kutu, wa kaskazini. Kijana ambaye ncha yake haijakolea namwandika “petreli mkubwa” tu, wala sioni haya. Ila ukiona mweupe mwenye vidoa vyeusi, kama aliyerushiwa wino, huyo ni wa kusini bila ubishi.

Wa kusini huzaliana pia South Georgia, Visiwa vya Falkland, pwani ya Patagonia, hadi Rasi ya Antaktika. Hutaga yai moja mahali peupe, viota vikiwa jirani jirani. Mwenzake wa kaskazini hujibanza kwenye majani na mawe, na hutangulia kutaga kwa wiki sita hivi.

Nchi kavu anatembea vizuri, jambo ambalo petreli wengi hawaliwezi. Sili akifa ufukweni, madume huwahi kama tumbusi, huzamisha kichwa chote ndani ya mzoga na kukitoa kikiwa chekundu hadi shingoni. Majike hujitafutia zaidi baharini.

Kiotani usimsogelee. Hutema mafuta ya tumboni, na hulenga. Jaketi langu nimelifua mara tano; ninayelala naye chumba kimoja bado ananiomba nilitundike nje.