Shule za umma za Shaker Heights, Ohio: yanayodhaniwa na yalivyo

Shaker Heights ni kitongoji cha mashariki ya jiji la Cleveland, jimbo la Ohio, Marekani. Jina lake hutajwa sana panapozungumzwa shule nzuri za umma na watoto Weusi na Wazungu kusoma pamoja, na kila sifa inayosambaa sana huokota makosa njiani. Tunayasahihisha hapa yale yanayoumiza zaidi. Familia zinazozungumza Kiswahili zilizohamia Cleveland, Columbus au Dayton, wengi wao kutoka Kongo, zinayo sababu ya kuyajua, kwa kuwa sheria za jimbo ni zilezile kila wilaya.

Dhana: Shule ni idara ya manispaa, na mpaka wa mji ndio mpaka wa shule.

Wilaya ya shule Ohio ni serikali inayojitegemea. Ina bodi ya watu 5 wanaochaguliwa na wananchi kwa miaka 4, bila tiketi ya chama, katika chaguzi za Novemba za miaka isiyogawanyika kwa mbili. Bodi ndiyo inayomwajiri msimamizi mkuu wa shule, na ndiyo inayomwajiri mhazini. Mhazini anawajibika kwa bodi moja kwa moja. Hayuko chini ya msimamizi mkuu, ili anayetunza fedha asiamrishwe na anayezitumia. Meya hana kauli katika ajira ya walimu, ratiba wala mabasi ya shule. Mzazi anayepeleka lalamiko la basi manispaa anapoteza siku yake.

Mipaka nayo haifuatani. Kipande cha jiji la Cleveland, upande wa Shaker Square na Ludlow, kimo ndani ya wilaya ya shule ya Shaker Heights. Anayekaa pale humpigia kura meya wa Cleveland, lakini watoto wake husoma Shaker. Msimbo wa posta nao haukusaidii: 44120 unagawanywa kati ya Cleveland na Shaker Heights, na 44122 unaingia hadi Beachwood, ambayo ina wilaya yake ya shule. Kwa hiyo kabla ya kusaini mkataba wa pango usitegemee anwani ya posta wala neno la dalali. Fungua tovuti ya ofisi ya fedha ya Kaunti ya Cuyahoga, tafuta kiwanja kwa mtaa na namba ya nyumba, usome kimeandikwa wilaya gani ya shule. Ukikwama, pigia ofisi ya uandikishaji na uwatajie mtaa na namba. Kosa hili hugunduliwa mwezi Agosti, mkataba wa mwaka mzima ukiwa umeshasainiwa, na hapo hakuna njia rahisi ya kutoka: kupokea watoto wa wilaya nyingine ni hiari ya kila wilaya.

Dhana: Weusi na Wazungu walichanganyika wenyewe, kwa kuwa watu wa pale ni waungwana. Wengine husema mahakama ndiyo iliyoamuru. Kauli zote mbili si kweli.

Mji ulijengwa na ndugu wawili wafanyabiashara, Oris na Mantis Van Sweringen. Ulipata hadhi ya kijiji mwaka 1912, na reli ya kuelekea katikati ya Cleveland ikaanza kubeba abiria hadi mjini mwaka 1920. Kila mtaa ulipangwa kuzunguka shule yake ya msingi. Hati za viwanja zilibeba masharti mengi, na katika miaka ya 1920 likaongezwa la kutaka kibali cha kampuni au cha majirani kabla nyumba haijauzwa. Sharti hilo lilitumika kuwazuia Weusi, Wayahudi na Wakatoliki. Mwaka 1948 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba mahakama zisitumike kutekeleza masharti ya kibaguzi ya hati za nyumba, lakini hofu na chuki hazikuondoka na hukumu. Januari 1956 karakana ya gari ya nyumba ambayo wakili Mweusi alikuwa akijijengea Ludlow ililipuliwa kwa bomu.

Majirani wa Ludlow, Weusi kwa Wazungu, waliunda chama chao mwaka 1957. Walikuwa na tatizo la kiutendaji hasa: familia moja ya Weusi ikishahamia, madalali walikuwa wakiacha kuwapeleka wanunuzi Wazungu mtaa huo na kuwatisha waliobaki wauze haraka, na benki zikawa ngumu. Chama kikaifanya kazi ambayo madalali waliikataa. Kilitafuta wanunuzi chenyewe, kikawatembeza, na baadaye kikakopesha fedha za kujazia malipo ya awali. Mwaka 1967 ikaundwa ofisi ya makazi ya mji mzima kwa kazi hiyohiyo. Ni haki kusema kwamba kulikuwa na uchungu ndani yake: katika miaka ile juhudi kubwa ilikwenda kwa wanunuzi Wazungu ili uwiano usivunjike, na wapo wanunuzi Weusi waliohisi kwamba mlango wanafungiwa na haohao wanaohubiri usawa.

Mpango wa shule wa mwaka 1970 ndio unaosimuliwa vibaya kuliko yote. Shule ya Moreland ilikuwa na wanafunzi wengi sana Weusi. Pendekezo la kwanza lilikuwa watoto wa Moreland wapande basi kwenda shule nyingine, upande mmoja tu. Wazazi wakapinga: kwa nini mzigo wote wabebe watoto Weusi? Familia za Wazungu zikajitolea kuwapeleka watoto wao Moreland, na mpango ukawa wa pande mbili na wa hiari. Hapakuwa na amri ya mahakama. Cleveland yenyewe, jirani kabisa, iliamriwa na jaji wa shirikisho mwaka 1976. Na mwaka 1974, katika kesi ya Detroit, Mahakama Kuu ilikuwa imeamua kwamba wilaya za vitongoji haziwezi kuingizwa katika mpango wa jiji pasipo ushahidi kwamba zenyewe zilichangia ubaguzi huo. Baada ya hukumu ile mpaka wa wilaya ukawa ukuta wa kisheria kwa kitongoji chochote kilichotaka kujitenga. Ndiyo maana uamuzi wa hiari wa Shaker Heights unastahili heshima, hata ukijua mapungufu yake.

Dhana: Shule zilizofungwa mwaka 1987 zilifungwa kwa kufeli.

Shule za msingi zilikuwa 9. Nne zikafungwa: Ludlow, Malvern, Moreland na Sussex. Sababu zilikuwa mbili. Kwanza, watoto walipungua: kizazi kikubwa kilichozaliwa baada ya Vita vya Pili kilishahitimu, na mji wenyewe ulianza kushuka kutoka wakazi zaidi ya 36,000 mwaka 1970 (mwaka 2020 walihesabiwa chini ya 30,000). Paa, boila na mlinzi wa jengo lenye nusu ya wanafunzi hugharimu kama jengo lililojaa. Pili, uwiano: maeneo 9 madogo ya kuandikishia ni magumu kusawazisha, kwani mtaa mmoja ukibadilika shule nzima hubadilika. Ukichora maeneo 5 makubwa zaidi, kisha ukawapeleka watoto wote wa darasa la 5 na la 6 katika jengo moja la Woodbury, kuanzia hapo mji mzima unasoma chini ya paa moja.

Ludlow, mtaa uliotangulia kuishi pamoja, ulipoteza shule yake. Hilo liliuma, na halikuwa na uhusiano na ubora wa walimu. Jengo la Moreland sasa ni maktaba kuu ya umma. Mitaa bado inaitwa kwa majina ya shule zake, hata zile zilizofungwa.

Dhana: Bei za nyumba zikipanda, shule zinatajirika, kwa nini basi wanaomba kura ya kodi tena na tena?

Kosa hili huangusha kura nyingi, kwa hiyo tulifanyie hesabu.

Kodi ya majengo Ohio hupimwa kwa mili. Mili 1 ni dola 1 kwa kila dola 1,000 za thamani ya kodi, na thamani ya kodi ni asilimia 35 ya bei ya soko. Nyumba ya dola 200,000 ina thamani ya kodi ya dola 70,000. Tozo mpya ya mili 5 ni dola 350 kwa mwaka.

Sasa kaunti inathamini upya (hufanya hivyo kikamilifu kila miaka 6, na marekebisho katikati, mwaka wa 3). Tuseme nyumba zote zimepanda kwa asilimia 30. Yako imekuwa dola 260,000, thamani ya kodi dola 91,000. Mtu angetarajia kulipa dola 455. Lakini sheria ya jimbo ya mwaka 1976, inayojulikana kama Muswada 920, inashusha kiwango cha tozo zilizopigiwa kura ili jumla inayokusanywa kwa majengo yaliyokuwepo ibaki ileile. Mili 5 zinakuwa kama 3.85, nawe unalipa dola 350 zilezile. Wilaya nayo inapata kiasi kilekile, huku mishahara, bima ya afya ya wafanyakazi na dizeli ya mabasi vikipanda kila mwaka. Ndiyo maana wanarudi kwa wapiga kura kila baada ya miaka michache.

Bili yako inaweza kupanda kwa njia mbili hata hivyo. Kuna mili chache zisizopigiwa kura ambazo Muswada 920 hauzishushi. Na kama nyumba yako imepanda kuliko wastani wa wilaya, utabeba fungu la wale ambao zao zimepanda kidogo. Kuna pia kinga ya mili 20, ambayo wilaya haiwezi kushushwa chini yake, lakini huzisaidia wilaya zenye viwango vya chini. Shaker Heights iko juu mno ya hapo. Bunge la jimbo huzigusa sheria hizi mara kwa mara, kwa hiyo soma maelezo ya mwaka wa kura yako, usitegemee ya zamani.

Kabla ya kupiga kura tazama aina ya tozo. Ya uendeshaji hulipa mishahara. Ya hati fungani, yaani mkopo unaolipwa kwa kodi, hujenga majengo na haiwezi kuhamishiwa mishahara. Anayeuliza “wanajenga shule mpya huku wakipunguza walimu?” anachanganya mifuko miwili ambayo sheria imeitenganisha. Tozo ya uendeshaji ikianguka, vya kwanza kukatwa huwa ni visivyolazimishwa na sheria: klabu, michezo, na mabasi ya sekondari ya juu. Jimbo linalazimisha usafiri kwa wanaokaa zaidi ya maili 2 kutoka shuleni, na kuanzia chekechea hadi darasa la 8 tu.

Mahakama Kuu ya Ohio ilitamka mwaka 1997 kwamba mfumo wa kutegemea mno kodi ya majengo unavunja katiba ya jimbo, ikarudia baadaye. Kanuni mpya ya mgao ilipitishwa mwaka 2021, na kodi ya majengo bado ndiyo nguzo ya wilaya za aina hii.

Dhana: Wakiwa jengo moja, wanasoma kitu kimoja.

Kwa miongo mingi haikuwa hivyo. Ndani ya sekondari moja kulikuwa na mikondo, yaani somo moja kufundishwa katika madarasa ya viwango tofauti, na ya juu ilijaa Wazungu ilhali takriban nusu ya wanafunzi wa wilaya walikuwa Weusi. Mwishoni mwa miaka ya 1990 wazazi Weusi, wengi wao wataalamu, walimwalika John Ogbu, mwanaanthropolojia mzaliwa wa Nigeria aliyefundisha Berkeley, achunguze chanzo. Alitilia mkazo mtazamo na bidii ya wanafunzi na wazazi, na wengi walimpinga wakisema ameupunguzia mfumo wa shule lawama. Kwa maoni yetu kiungo cha vitendo ndicho muhimu zaidi: uamuzi wa hisabati unaofanywa shule ya kati ndio unaoamua kama mtoto atafika kalkulasi, hisabati ya ngazi ya juu ya sekondari. Mtoto asiyefika aljebra mapema hukosa mwaka wa kuipanda ngazi yote, hata akiamka baadaye.

Mwaka 2020, wakati wa korona, wilaya iliunganisha mikondo katika masomo mengi ya msingi kuanzia darasa la 5 hadi la 9. Kuunganisha pekee hakutoshi: mwalimu anapopewa darasa lenye viwango vitatu bila saa za kujiandaa na bila msaidizi, hufundisha wa katikati. Mzazi aulize mambo mawili: nani humsaidia anayebaki nyuma ndani ya kipindi, na darasa la 10 mtoto wake atachagua hisabati ipi.

Dhana: Nyota za jimbo zinaonyesha ubora wa ufundishaji.

Tangu 2022 kadi ya Ohio ya kutathmini shule hutoa nyota 1 hadi 5. Kipengele cha ufaulu hufuata sana kipato cha familia. Kinachokaribia kazi ya mwalimu ni kipengele cha maendeleo, yaani mtoto amesogea kiasi gani kulinganisha na alipoanzia. Soma hicho kwanza.

Dhana: Mgeni asiye na karatasi za uhamiaji hawezi kuandikisha mtoto.

Anaweza. Mahakama Kuu ya Marekani iliamua hivyo mwaka 1982, na shule haipaswi kuuliza hali ya uhamiaji. Itakachotaka ni uthibitisho wa makazi (mkataba wa pango na bili), uthibitisho wa umri, hati za malezi ikiwa wazazi hawaishi pamoja, na rekodi ya chanjo. Kadi ya kliniki ya Kigoma au Kakuma ina thamani. Ipeleke, usimwache mtoto achanjwe upya bila sababu. Ohio haimruhusu mtoto kuendelea kuhudhuria zaidi ya siku 14 bila rekodi ya chanjo au uthibitisho kwamba ameanza kuzipata.

Fomu ya lugha ya nyumbani ndipo familia nyingi hukosea. Ukiandika Kiingereza kwa kuogopa mtoto atawekwa nyuma, hatapimwa na hatapata mwalimu wa lugha aliyestahili. Andika Kiswahili, Kibembe, chochote kinachosemwa nyumbani. Akionekana anahitaji msaada, shule inatakiwa kukuarifu ndani ya siku 30 tangu mwaka wa masomo uanze, au wiki 2 kama ameingia katikati ya mwaka. Unaweza kukataa huduma hiyo kwa maandishi. Mtihani wa lugha wa kila mwaka atafanya hata hivyo, mpaka afuzu. Na kwenye kikao cha shule una haki ya mkalimani bila malipo. Omba siku kadhaa kabla, taja Kiswahili cha Kongo au cha Tanzania, na usikubali mtoto mwenyewe atafsiri kikao kinachomhusu.