"Kalewa tu, daktari"

Ndivyo askari wa zamu alivyoniambia usiku ule: "Kalewa tu, daktari, lakini haamki vizuri." Ilikuwa masika, msimu wa ulanzi, pombe ya mianzi, na kweli yule bwana alikuwa ananuka pombe. Nilipopiga magoti kwenye sakafu ya mahabusu nikakuta shati limelowa jasho, na baridi ya Iringa ilivyokuwa inauma. Jasho lile ndilo lililonishtua. Nikamtoboa kidole: sukari 1.8, ya chini mno. Tulimchoma glukosi kwenye mshipa, na dakika chache baadaye akafumbua macho, akauliza viatu vyake viko wapi.

Madaktari tarajali ninaowafundisha kazi hii ya kuwatibu walioko mahabusu naanza nao hapo. Ulevi ni jibu la mwisho, baada ya kupima sukari na kupapasa kichwa chote. Mlevi naye ana kisukari, mlevi naye huanguka akapasuka fuvu. Damu inayovujia ndani ya kichwa humwacha mtu akiongea vizuri saa nne usiku, alfajiri asiamke. Kwa hiyo "mwacheni alale" ni neno la hatari. Aamshwe kila nusu saa, ataje jina lake, ainue mkono akiambiwa. Kukoroma si kuitika.

Kuna ambao hatari yao huja pombe ikiwatoka. Mnywaji wa kila siku akiikosa ghafla anaweza kupata degedege ndani ya siku mbili za kwanza, kisha kuweweseka na kutetemeka. Sheria inataka afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, ila wa Ijumaa jioni mara nyingi Jumapili bado yumo ndani.

Huku kwetu, kuanzia Mbeya hadi Njombe, maambukizi ni mengi, hivyo swali la dawa za VVU ni la lazima, na haliulizwi mbele ya askari. Namwomba afande asogee hadi anione bila kunisikia.

Majeraha ndipo vijana wanapoogopa. Itifaki ya Istanbul, mwongozo wa Umoja wa Mataifa wa kuchunguza mateso, ya mwaka 1999 na kuboreshwa 2022, inatutaka tueleze jeraha linaendana kiasi gani na maelezo ya mgonjwa. Mistari miwili ya wekundu iliyo sambamba, katikati ngozi isiyo na wekundu, inaendana na kipigo cha fimbo. Andika hivyo kwenye PF3, fomu ya polisi ya majeruhi, na urefu kwa sentimita. Nani kapiga, andika maneno ya mgonjwa kama alivyoyatamka, ionekane kuwa ni yake.

Na maagizo yako yaingie kwenye kitabu cha kituo, yawe na saa na saini. Askari anayeingia zamu alfajiri hakuwepo ulipoyasema kwa mdomo.