Kubanwa kifua na kuuma mbavu baada ya mazoezi: yanayosemwa na yaliyo kweli

Mtu aliyekaa miezi mingi bila mazoezi, akajiunga Jumamosi na kikundi cha kukimbia cha mtaani na kumalizia kwa pushapu, kuruka kichura na lile zoezi la kulala chali na kuinuka, huenda akaamka Jumapili na uchovu tu. Inapofika Jumatatu, ndani ya daladala, ndipo anapogundua kwamba hawezi kukohoa, kucheka wala kunyoosha mkono kushika bomba la juu bila mbavu kumkatalia. Kwa kuwa maumivu yamechelewa, hayahusishi tena na mazoezi, na hapo ndipo yanapopewa majina tuliyoyazoea: baridi, gesi, ngiri, na kwa mwenye hofu zaidi, moyo. Kila jina kati ya hayo huja na dawa yake, na kila moja humfanya mgonjwa asahau kujiuliza swali lenye manufaa zaidi: maumivu yalianza lini, na ni kitu gani kinachoyaleta au kuyaondoa?

Walimu wengi wa mazoezi hudai kwamba hiyo ni asidi ya laktiki iliyobaki kwenye misuli, na kwamba lazima itolewe kwa kukandwa au kwa maji ya moto. Ukweli ni kwamba laktiki huondoka kwenye damu ndani ya saa moja hivi baada ya kupumzika, hivyo haiwezi kulaumiwa kwa maumivu yanayofikia kilele kati ya saa 24 na 72 baadaye. Mwaka 1902 mtaalamu wa Marekani, Theodore Hough, alikwishapendekeza kwamba maumivu ya aina hii hutokana na michaniko midogo ndani ya msuli wenyewe, na uchunguzi uliofuata umeonyesha kuwa madhara hayo hutokea zaidi pale msuli unapofanya kazi huku ukirefuka, kama vile kifua kinaposhushwa polepole katika pushapu. Kiwiliwili huonekana kuumia kuliko miguu kwa sababu misuli iliyo kati ya mbavu haina likizo: kila pumzi inaitumikisha. Maumivu hayo hupungua yenyewe baada ya siku chache, na zoezi lilelile likirudiwa wiki moja au mbili baadaye haliumi kama mara ya kwanza, ingawa msuli unazidi kuimarika. Kwa hiyo wanaoamini kwamba zoezi lisilouma halijafanya kazi wanapima kitu kisichohusika. Kunyoosha viungo kabla au baada ya mazoezi nako, pamoja na faida zake nyingine, hakupunguzi maumivu haya kwa kiasi cha kuonekana.

Tahadhari moja haina budi kutajwa hapa. Ikiwa misuli imevimba, imelegea kuliko kawaida, na mkojo umekuwa na rangi ya chai ya rangi, mtu aende hospitali siku hiyohiyo, kwa kuwa protini zinazovuja kutoka kwenye misuli iliyoharibika zinaweza kuziumiza figo. Kumeza diklofenaki, dawa ya kutuliza maumivu, ili kuvumilia mazoezi ya kesho, tabia iliyoenea kwa kuwa dawa hiyo hununuliwa kirahisi dukani, huiongezea figo mzigo, hasa mwili ukiwa na upungufu wa maji.

Dhana nyingine ni kwamba kichomi kinachomshika mkimbiaji ubavuni ni baridi iliyoingia kifuani, na usipojifunika itageuka nimonia. Nimonia husababishwa na vimelea, huja na homa, kikohozi na kupumua kwa shida, wala haiondoki kwa sababu umesimama kupumzika. Kichomi cha mbio hushika chini ya mbavu, mara nyingi upande wa kulia, mtu akiwa katika mwendo, kisha hutoweka dakika chache baada ya kusimama. Maelezo yenye nguvu zaidi ni kukereketwa kwa utando unaofunika ukuta wa tumbo kwa ndani, jambo linaloeleza kwa nini hutokea zaidi kwa aliyekula sana au kunywa soda muda mfupi kabla ya kukimbia. Anayevaa sweta mbili mchana wa Dar es Salaam ili kukizuia anapoteza tu maji ya mwili.

Kubanwa kunakoanza dakika chache baada ya kuacha kukimbia, kukiandamana na kikohozi au mluzi kifuani, ni jambo tofauti tena. Watu husema mhusika hana pumzi. Mara nyingi njia zake za hewa zimesinyaa kama inavyotokea kwa mwenye pumu, na hewa kavu na ya baridi ya nyanda za juu, kama ile ya Iten nchini Kenya, huchochea hali hiyo. Ina tiba, na wenye hali hii wamo hata miongoni mwa wanariadha wa kimataifa.

Dhana ninayoiona kuwa ya hatari kuliko zote ni ile ya gesi na vidonda vya tumbo. Mzee mwenye presha au kisukari anapanda ngazi, anabanwa katikati ya kifua, anasimama, panapita. Jioni anapewa tangawizi, anacheua, na nyumba nzima inaridhika. Mwaka 1768 daktari Mwingereza William Heberden alieleza ugonjwa huu huu wa moyo: watu hushikwa wakitembea, hasa wakipanda mlima na muda mfupi baada ya kula, na mara wanaposimama maumivu hutoweka. Kwa kuwa chakula kimo katika maelezo hayo, tumbo hushtakiwa kwa kosa la moyo. Kubanwa kunakokuja kwa juhudi na kuondoka kwa kupumzika ni sababu ya kwenda kupimwa moyo hata kama kumejirudia mara mbili tu. Kukidumu zaidi ya dakika chache, au kukisambaa kwenye mkono, shingo au taya pamoja na jasho la baridi, ni dharura. Wanawake na wenye kisukari wanaweza kukosa maumivu kabisa, wakaona uchovu mkubwa na kukosa pumzi peke yake.

Kwa upande wa pili wapo vijana wanaoamini kwamba maumivu yoyote ya upande wa kushoto ni moyo. Kijana huyo na apeleke kidole chake pembeni mwa kidari, mahali mbavu zinapoungana nacho kwa gegedu, abonyeze ubavu mmoja mmoja: mara nyingi hufika mahali akaruka, kwa sababu gegedu hilo limevimba baada ya pushapu nyingi au kikohozi kirefu. Jaribio hilo linatuliza, ila halitoshi kumwondolea shaka mtu wa makamo mwenye presha.

Ngiri nayo husingiziwa kila mkazo wa tumbo la mwanamume aliyenyanyua vyuma, na wauzaji wa dawa za barabarani huishi kwa jina hilo. Ngiri halisi kwa kawaida ni uvimbe unaotokeza kinenani au kitovuni mtu akikohoa, na hairudi ndani kwa kunywa mizizi.

Kuna maumivu ambayo hata daktari huweza kuyadhania kuwa ya msuli. Yanaunguza upande mmoja tu, kutoka mgongoni kuzunguka ubavu, ngozi haivumilii hata kuguswa na nguo, kisha baada ya siku kadhaa malengelenge yanatokea. Huo ni mkanda wa jeshi, unaosababishwa na kirusi cha tetekuwanga kilicholala kwenye mishipa ya fahamu, na mazoezi ya wiki ile hayana hatia. Wengi husema kwamba ncha zake zikikutana mgonjwa hufa. Kwa kawaida hazikutani, kwa kuwa neva iliyoathirika hutumikia upande mmoja wa mwili, na dawa ya kupambana na kirusi hufanya kazi vizuri zaidi ikianza ndani ya saa 72 tangu vipele vionekane. Mtu mwenye umri mdogo anayeupata ni vyema apime na VVU, kwa kuwa kinga iliyoshuka huukaribisha.